Habari, Fedha na Bidhaa: Teknolojia ya Mawasiliano na Duka la Mtandaoni

Yasemwa mara nyingi kwamba simu na intaneti zimeifanya dunia kuwa kijiji. Usemi huo umezoeleka mno hata hauelezi tena jambo lolote. Katika makala haya tunakusudia kuuliza swali dogo zaidi: teknolojia ya mawasiliano imebadili nini hasa katika kununua na kuuza, na kwa nini duka la mtandaoni la Lubumbashi halifanani na lile la Marekani?

Tuanze na misafara ya karne ya 19. Mfanyabiashara aliyetoka pwani kwenda Bunkeya, kwa mfalme Msiri, kutafuta shaba na pembe za ndovu, alichukua pamoja naye bidhaa, malipo na habari za bei. Nguo na ushanga vilikuwa bidhaa na fedha kwa wakati mmoja. Ama habari, haikuweza kumtangulia mpagazi. Bei ya pembe ikishuka Unguja, aliyekuwa Bunkeya hakuwa na njia ya kujua.

Telegrafu ndiyo iliyovitenganisha vitu hivyo. Waya wa kwanza uliodumu kazini chini ya bahari ya Atlantiki ulilazwa mwaka 1866, na mwaka 1879 Unguja nayo ikaunganishwa na Aden. Tangu hapo bei iliweza kusafiri peke yake, hali meli ingali njiani. Hapa mwanaisimu hawezi kupita bila kusimama kidogo: neno simu latokana na Kiajemi, na maana yake ya asili ni waya. Leo twasema simu ya mkononi, chombo kisicho na waya, wala hakuna anayeshangaa.

Hata hivyo habari peke yake haiuzi kitu. Nchini Marekani kampuni ya Sears iliwauzia wakulima kwa katalogi tangu mwisho wa karne ya 19: saa, cherehani, baadaye hata nyumba nzima za kuunganishwa. Biashara hiyo ilitegemea posta, ambayo mwaka 1896 ilianza kupeleka barua hadi mashambani, na mwaka 1913 ikaanza kuchukua vifurushi. Sears iliifunga katalogi yake kubwa mwaka 1993. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo kituo cha CERN, karibu na Geneva, kiliwaruhusu watu wote kuitumia bure wavuti iliyobuniwa na Tim Berners-Lee. Na mwezi wa Julai 1995 Amazon ikafungua duka lake la vitabu. Amazon ilikuta kila kitu tayari: nyumba zenye namba, posta, kadi za benki, na vizazi vya watu waliozoea kulipia kitu wasichokiona. Yenyewe ilileta katalogi ambayo kurasa zake haziishi.

China haikuwa na mazoea hayo. Duka la Taobao lilipoanzishwa mwaka 2003, mnunuzi aliogopa kutuma fedha na muuzaji aliogopa kutuma mzigo. Dawa yake ilikuwa Alipay: fedha hushikwa na mtu wa tatu mpaka mzigo upokewe. Kwa maoni yetu, mpango huo una uzito kuliko kasi ya intaneti yenyewe.

Sasa turudi kwetu. Simu za mkononi ziliingia Zaire katikati ya miaka ya 1980 kwa njia ya Télécel, zikiwa mali ya wakubwa. Leo mchuuzi wa sokoni anayo. Waya wa WACS, uliozinduliwa mwaka 2012, una tawi lake Muanda. M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007, ilifika Kongo mwaka 2012. Habari na fedha, basi, zimepata mbawa. Bidhaa ingali inakwenda kwa miguu. Kontena ikishushwa Dar es Salaam imebakiwa na takriban kilomita 2000 za barabara, kupitia Zambia, hadi kwenye foleni ya malori pale Kasumbalesa. Na mzigo ukishaingia mjini, mletaji hana anwani ya kuaminika. Hupiga simu, naye huelekezwa kwa kanisa, kwa mwembe, kwa lango la buluu.

Ndiyo sababu duka la mtandaoni la hapa ni mama mwenye simu. Huweka picha za vitenge na viatu katika WhatsApp, hupokea malipo ya kwanza kwa simu, kisha humwagiza ndugu au wakala aliyeko Guangzhou au Dubai. Hakuna Alipay kati yao. Kinachoshika nafasi yake ni udugu, kanisa na ujirani, kama vile zamani Taria Topan, tajiri wa Unguja, alivyomkopesha Tippu Tip mali ya msafara kwa kumwamini tu.

Lakini imani hiyo ina gharama, na anayeilipa ni mama huyo. Viatu vikifika na namba isiyo yake, kiwanda cha China hakimjui mnunuzi, na mnunuzi hakijui kiwanda. Anajua nyumba ya mama. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2014, aliyenunua kwa mbali ana siku 14 za kubadili nia bila kutoa sababu. Nchini kwetu sheria ya mambo ya kidijitali ilitiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023, nayo yagusa biashara ya namna hii. Imeandikwa kwa Kifaransa. Mapatano, kwa upande wake, hufanywa kwa Kiswahili, lugha mojawapo kati ya lugha nne za taifa, na hapa kazi yetu sisi wa idara hii bado ni kubwa. Neno kurudisha halitoshi: mama akiandikiwa «nitarudisha viatu», hajui kama mteja ataka namba nyingine, au ataka fedha zake, au anayavunja mapatano yote.