Kibarua wa nyaya za faiba naye hulindwa na sheria

KIJANA wa Kisii au Nyamira anayeshika sururu kuchimba mtaro wa nyaya za faiba za intaneti, kwa ujira wa siku, aghalabu hudhani kuwa akiumia hana wa kumtetea. Dhana hiyo si sahihi, na hatari zenyewe si ndogo.

Ya kwanza ni mtaro. Milima ya Gusii hupata mvua takriban mwaka mzima, na mita moja ya ujazo ya udongo uliolowa huzidi uzani wa tani moja. Ukuta ukiporomoka, mtu aliyefukiwa hadi kifuani aweza kukosa pumzi ilhali kichwa chake ki nje.

Ya pili ni kioo. Uzi wa faiba ni mwembamba mithili ya unywele. Unapokatwa, vijipande vyake huruka, vikadunga ngozi na kuvunjikia humo. Ndiyo maana fundi stadi huvaa miwani ya kinga, huokota vijipande kwa utepe wa kunata, huvitia katika chupa yenye kifuniko, wala hali chakula mahali pa kazi.

Ya tatu ni miale ya leza inayosafirisha mawasiliano. Haionekani, hivyo jicho halijifumbi kujikinga. Anayechungulia ncha ya uzi unaotumika hujitia katika hatari ya kuunguza jicho.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humtwika mwajiri jukumu la kulinda usalama wa wafanyakazi. Aidha, mfanyakazi aliyeripoti hatari kubwa hapaswi kulazimishwa kurejea hapo kabla ya marekebisho.

Nayo Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini (WIBA) ya mwaka uo huo, ambayo Mahakama ya Juu iliidhinisha Desemba 2019, humtaka mwajiri kuripoti ajali kwa mkurugenzi wa usalama kazini katika muda wa siku 7 baada ya kuarifiwa, na kifo katika saa 24. Dai la fidia huwasilishwa kabla ya miezi 12 kupita.

Kukosa mkataba wa maandishi si hoja, kwani Sheria ya Ajira ya 2007 hutambua makubaliano ya mdomo. Hata hivyo, ushahidi ni muhimu. Kibarua ahifadhi jumbe za M-Pesa za malipo, ajue jina la mkandarasi, na akiumia amwarifu mwajiri bila kuchelewa, mbele ya mashahidi.