Je, Wajua? Mto Mmoja, Majina Manne
Mto Mbagathi, unaoanzia upande wa Vilima vya Ngong, Kajiado, hubadilisha majina safarini: huwa Athi, kisha Galana, halafu Sabaki, na kuingia Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi.

Mtembezi huuona vizuri korongoni, karibu na karakana ya vioo ya Kitengela, akivuka daraja la kuning'inia. Mwenye kizunguzungu asitazame chini!

Mto huohuo ndio mpaka wa kusini wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946. Upande huo hauna ua, hivyo mvua zikinyesha nyumbu na pundamilia huvuka kwenda tambarare za Kitengela, wakarudi kiangazi. Siku hizi ploti zilizozungushiwa seng'enge zinawabania njia.