Kuishindilia Injini Hewa

Wale mnaosikiliza kwa vikundi, mwenye chaki na akae karibu na ubao, maana leo kuna hesabu kidogo. Juma lililopita tulieleza jinsi injini ya petroli inavyovuta pumzi. Leo twataka kujua hutokea nini mtu akiilazimisha ivute pumzi kubwa kuliko kifua chake.

Tutachukua motokaa moja iwe mfano wetu, nayo ni Mazda MX-5, ambayo Wamarekani huiita Miata. Ni gari dogo la watu wawili, paa lake hukunjwa nyuma, na lilionyeshwa hadharani mara ya kwanza mjini Chicago mwezi wa Februari, 1989. Uzito wake ulikuwa karibu kilo 950 tu. Injini yake ya kwanza ilikuwa ya lita 1.6, na lile lililouzwa Marekani lilikuwa na nguvu za farasi 116. Waliolibuni walitaka gari jepesi linalotii usukani, hawakutaka gari la nguvu nyingi. Lakini binadamu hatosheki! Kwa kuwa gari ni jepesi, ukiliongezea nguvu za farasi 50 tu hulitambui tena, na kwa muda mrefu sasa mafundi wa nchi nyingi wamekuwa wakiifanya kazi hiyo.

Haya, tupige hesabu. Injini hii ni ya mapigo manne, yaani kila silinda huvuta hewa mara moja katika mizunguko miwili ya krenki. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, silinda zote hujazwa mara 3,000. Zidisha kwa lita 1.6, utapata lita 4,800 za hewa kwa dakika moja, kama kila silinda ingejaa sawasawa. Hewa ya pwani ina uzito wa gramu 1.2 hivi kwa lita. Basi injini imekula karibu kilo 5.8 za hewa kwa dakika. Na kila gramu ya petroli yataka gramu 14.7 za hewa ili iungue yote. Kuongeza petroli ni rahisi. Hewa ndiyo yenye shida, kwa sababu injini ya kawaida haina ila ile inayoingia yenyewe kwa uzito wa anga.

Njia za kuishindilia ni mbili. Ya kwanza ni supachaja, yaani pampu ya hewa inayozungushwa kwa mkanda kutoka kwenye krenki. Ya pili ni tabo, ambayo wenye malori mnaijua sana. Humo moshi unaotoka kwa kasi huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga, na shafti yake huzungusha gurudumu la pili linalosukuma hewa ndani. Tabo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Supachaja huitika mara tu ukanyagapo mafuta, lakini hula nguvu ya injini yenyewe. Tabo hutumia moshi ambao ungepotea bure, ila huchelewa kidogo kuamka.

Mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss wa General Electric alipeleka injini ya ndege juu ya mlima Pikes Peak huko Marekani, karibu mita 4,300 juu ya bahari. Injini ile ilitoa nguvu za farasi 350 chini bondeni. Kule juu, kwenye hewa nyembamba, ilitoa 230. Ilipofungwa tabo, ilitoa 356 palepale mlimani.

Sasa twafika penye hatari, nami naomba mnisikilize vizuri. Aliyewahi kujaza upepo baiskeli anajua jinsi pampu inavyopata moto mkononi. Hewa ikishindiliwa hupata joto. Kisha pistoni huishindilia tena, na katika injini hii huikaza mara 9.4. Joto likizidi, mchanganyiko uliobaki pembeni hujilipukia wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Mafundi husema injini inagonga. Ikigonga kwa nguvu kwa sekunde chache tu, pistoni yaweza kupasuka au kutoboka. Ndiyo maana hufungwa kipoza hewa mbele ya rejeta, na ndiyo maana cheche ya plagi hucheleweshwa kidogo.

Jambo la pili ni petroli. Nozeli za kiwandani zilipimwa kwa pumzi ya kawaida. Hewa ikizidi na petroli isizidi, mchanganyiko huwa mkavu, na moto wake huunguza vali na pistoni. Katika injini iliyoshindiliwa twataka mchanganyiko mzito zaidi, gramu 11.5 hadi 12 za hewa kwa gramu moja ya petroli, kwa sababu petroli ya ziada husaidia kupoza. Kwa hiyo hazikosi kutakiwa nozeli kubwa, na kompyuta ya injini inayokubali kufundishwa upya.

Na hapa ndipo watu wengi huharibu. Hununua tabo, hulifunga, fedha huwaishia, kisha huenda barabarani kulijaribu kwa sikio. Sikio halisikii ukavu wa petroli.

Mtambo wa kupimia nguvu huitwa dainamomita. Gari hufungwa kwa mikanda imara, na magurudumu yanayovuta, ambayo kwa Mazda hii ni ya nyuma, huwekwa juu ya mapipa ya chuma. Feni kubwa hupuliza mbele, maana gari halitembei. Mtambo hupima jinsi magurudumu yanavyoyasokota mapipa na kwa mwendo gani, na kutokana na hayo mawili hupatikana nguvu. Jueni kwamba hesabu ya kiwanda ni ya krenki. Ile ya magurudumuni huwa ndogo zaidi, kwa kuwa giaboksi na difu hula sehemu yao.

Fundi mwenye akili huanza na msukumo mdogo. Kipimo kilichofungwa kwenye ekzosi humwonyesha kama mchanganyiko ni mzito au mkavu, na ukikauka huachia mafuta mara moja. Petroli ikikaa sawa, huiwahisha cheche kwa digrii moja moja. Msokoto ukiacha kuongezeka, hurudi nyuma kidogo. Mwenye gari hupenda kuuliza, "Umepata farasi wangapi?" Mimi ningependa aulize kwanza ile karatasi ya petroli.

Wasikilizaji wa nyanda za juu wana jambo moja zaidi. Mombasa anga hukandamiza kwa karibu kilo 1.03 kwa sentimita ya mraba. Nairobi ni kama 0.85. Springi ya kawaida ya tabo huongeza kiasi kilekile juu ya anga iliyopo, tuseme 0.4. Gari lililorekebishwa Nairobi kwa 1.25 litapokea 1.43 likifika pwani, na injini itajikuta mahali ambapo fundi hakufika siku ile ya kupima. Inampasa awe amekwisha kuiandikia kompyuta petroli ya huko.

Kampuni ya Mazda yenyewe iliuza MX-5 yenye tabo mwaka 2004 na 2005, ya lita 1.8 na nguvu za farasi 178. Klachi na vyuma vinavyopeleka nguvu nyuma viliimarishwa pia.

Kazi ya nyumbani ni hii: injini ya lita 1.8 yenye mapigo manne inazunguka mara 5,000 kwa dakika. Huvuta lita ngapi za hewa kwa dakika? Na ikisukumwa kutoka 1.03 hadi 1.43, bila joto kubadilika, itakula kilo ngapi? Majibu tutayasoma mwanzoni mwa somo lijalo. Kwaherini.