Msiniulize Inakuza Mara Ngapi

“Darubini yenu inakuza mara ngapi?” Naulizwa na wanafunzi, wanahabari, hata waheshimiwa. Jibu ni moja: mara yoyote uitakayo. Badilisha lenzi ya kuchungulia, namba nayo imebadilika. Ndiyo maana madukani utakuta boksi limeandikwa “mara 675” kwa darubini yenye lenzi ya milimita 60. Uongo wa biashara huo. Lenzi ya upana huo ikishavuka mara 120 hivi haina jipya la kukuonyesha. Unachokuza ni ukungu. Chukua picha ya pasipoti iliyofifia uifanye bango la barabarani: sura itakuwa kubwa, mtu humtambui.

Kwetu wenye darubini kubwa, adui ni hewa. Ya joto na ya baridi zikichanganyika huupindapinda mwanga, na kumetameta kwa nyota mnakokusifu ndiko kunakotuharibia kazi. Darubini za VLT kule Paranal, Chile, zina vioo vya mita 8.2, lakini hewa isiporekebishwa hazioni kwa undani kuishinda darubini nzuri ya sentimita 20. Hukusanya mwanga mwingi zaidi, basi. Ukuze mara milioni ukitaka.

Dawa ya hewa hiyo aliipendekeza mwanaastronomia Horace Babcock mwaka 1953, ikasubiri miongo kadhaa kompyuta ziweze kuikimbiza. Katika Yepun, mojawapo ya hizo za Paranal, kioo cha pili kina upana wa mita 1.12 na unene wa milimita 2 tu. Nyuma yake visukumio 1,170 vya sumaku hukipinda kinyume na hewa ilivyoupinda mwanga, hadi mara 1,000 kwa sekunde. Pasipo nyota angavu ya kupimia mpindo huo, leza huziwasha atomu za sodiamu kilomita 90 juu, tukapata nyota ya bandia. Hapo hakuna kilichokuzwa. Mwanga umenyooshwa.

Unataka kununua? Uliza upana wa lenzi au kioo, kisha utikise stendi. Mgeni wa anga aanze na binokula ya 10x50. Darubini iache nje nusu saa ipoe. Kaa mbali na paa la bati lililopigwa jua mchana kutwa. Subiri sayari ipande juu. Jua usilitazame bila kichujio maalumu kinachofunika mbele ya darubini. Kile kidogo cha kufunga kwenye lenzi ya kuchungulia kitupe leo: hupasuka kwa joto, na jicho limekwenda.