Kiti unachofanyia kazi nyumbani kisikunyime sijda

 

Leo tuzungumzie ofisi ya nyumbani. Usifikirie chumba chenye zulia na kiyoyozi. Tunakusudia ile kona ya sebule anapokaa mwalimu kusahihisha madaftari baada ya Isha, meza ya chakula ambayo mama anapigia hesabu za duka, au kitanda ambacho kijana amekigeuza dawati kwa kuweka kompyuta juu ya mto. Tangu maradhi ya Uviko-19 yalipoenea duniani mwaka 2020, kazi nyingi za ofisini zimehamia majumbani, na wapo wanaouza bidhaa, wanaoandika ripoti na wanaosoma masomo ya vyuo bila kutoka nje ya mlango wao. Kazi imehamia nyumbani, lakini kiti na meza ya kazi havikuhama nayo.

Matokeo tunayaona tunapohudumia wagonjwa. Watu wanakuja na maumivu ya kiuno na shingo, na wengi wao kinachowasikitisha zaidi ni swala. Akirukuu anainuka kwa taabu, akisujudu anashika ukuta ndipo asimame. Wengine ni watu wa miaka 30 tu na tayari wanaswali juu ya kiti. Sharia imetoa nafasi. Sahaba Imran bin Huswain (r.a.), aliyekuwa na maradhi ya bawasiri, alipomuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu swala, alielekezwa aswali kwa kusimama, akishindwa akae, na akishindwa aswali kwa ubavu. Basi anayeswali kwa kukaa kwa udhuru asijione mnyonge. Lakini maumivu mengi ya aina hii yanazuilika, na Mtume (s.a.w.) alimkumbusha Abdullah bin Amr (r.a.), aliyekuwa akizidisha funga na visimamo vya usiku, kwamba mwili wake una haki juu yake, na macho yake pia. Ikiwa mwili una haki hata mbele ya ibada za sunna, sembuse mbele ya hesabu za duka.

KWA NINI KIUNO KINAUMA

Uti wa mgongo haukunyooka kama mlingoti. Sehemu ya kiuno ina mbonyeo unaoingia ndani, na kati ya pingili moja na nyingine kuna kitu laini mfano wa mto mdogo kinachopokea uzito. Ukikaa umejikunja, ule mbonyeo unapotea, uzito unabana upande mmoja wa mito hiyo, na misuli ya mgongo inavutwa muda wote. Shingo nayo ni hivyo hivyo. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Kikikaa sawa juu ya mabega shingo inakibeba bila shida, lakini ukikiinamisha mbele, misuli ya nyuma ya shingo ndiyo inayokizuia kisianguke, saa baada ya saa. Siku ya kwanza huumwi, ndiyo maana jambo hili linadharauliwa.

Je, kukaa chini juu ya mkeka ni vibaya? Hapana. Kibaya ni kuinamia kwa muda mrefu kitu kilicholala sakafuni. Tazama marfaa tunayowekea msahafu. Inawekwa kwa heshima ya Kitabu, na humo humo shingo ya msomaji inapata nafuu kwa sababu maandishi yameinuliwa kufuata macho. Anayependa kufanyia kazi chini na atafute meza fupi, akalie mto, na mgongo auegemeze ukutani.

KUPANGA MAHALI PA KAZI

Anza na kiti. Hata kile cha plastiki kinafaa ukikirekebisha. Kunja taulo au khanga iwe kama gogo dogo, iweke nyuma ya kiuno pale penye mbonyeo, kisha egemea. Nyayo zote mbili zikanyage chini. Zikining'inia, weka tofali au kistuli, kwani ukingo wa kiti ukibana nyuma ya paja miguu inakufa ganzi.

Kisha meza. Kaa, legeza mabega, kunja mikono kama unayetaka kuandika. Viwiko viwe usawa wa meza au juu yake kidogo tu. Meza nyingi za chakula zina kimo cha sentimita 75 hivi, na kwa mtu mfupi hapo mabega yatapanda kuelekea masikioni. Usikate miguu ya meza ya watu. Ongeza mto mgumu juu ya kiti, halafu uongeze na cha kukanyagia.

Tabu kubwa ni kompyuta mpakato, au laptopu kama wengi wanavyoiita. Kioo na kibodi vimeungana, kwa hiyo ukiiweka chini mikono inastarehe na shingo inaumia, ukiiinua shingo inapona na mikono inaumia. Hakuna namna ya kukaa itakayomaliza tatizo hilo. Dawa yake ni kuiinua mpaka ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho, iwe mbali nawe kiasi cha urefu wa mkono, kisha utumie kibodi na kipanya vya pembeni. Ukiwa na fedha kidogo, nunua hivyo kabla ya kufikiria kiti cha ofisi. Cha kuinulia kiwe kipande cha ubao au boksi gumu. Visiwe vitabu vya dini, wala gazeti lenye jina la Allah, likiwemo hili unalolisoma. Mwenye miwani ya lenzi mbili, ya mbali na ya kusomea, yeye ashushe kioo kidogo, la sivyo atakuwa anainua kidevu siku nzima.

Na wanaume wanaopakata kompyuta mapajani wajue kwamba utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa joto la korodani hupanda kwa zaidi ya nyuzi 2 ndani ya saa moja ya kukaa hivyo. Haijathibitika kwamba jambo hilo peke yake humkosesha mtu watoto, lakini korodani huhitaji ubaridi kuliko mwili, na meza ipo.

Dirisha liwe ubavuni mwako. Likiwa nyuma, mwanga unarudi kwenye kioo, na likiwa mbele linakuchoma macho. Pangaboi lisikupulize usoni, maana mtu anayetazama kioo hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, na upepo unayakausha zaidi. Kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho mbali, mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20.

GANZI YA USIKU

Wapo wanaoamka usiku vidole vimekufa ganzi na vinachoma, wakakung'uta mkono mpaka vipate nafuu. Wengine wanadhani ni kiharusi, wengine wanasema wamerogwa. Kisomo cha ruqya hatukipingi, lakini tazama ni vidole gani. Kikiwa kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete, mara nyingi ni mshipa wa fahamu uliobanwa unapopita kwenye kifundo cha mkono. Huwapata zaidi wanawake, hasa wajawazito, na wenye kisukari. Unapochapa au kushona, kifundo kisikunjwe juu wala chini, na usikilaze kwenye ukingo mkali wa meza. Ganzi ikiendelea, muone tabibu mapema, kabla misuli ya kidole gumba haijanywea.

Hata kiti kizuri hakifai kukaliwa saa tatu mfululizo. Wengine hujifariji kwamba swala tano zinawatosha kunyoosha viungo. Swala ni ibada, haikuwekwa kuwa mazoezi, na toka Adhuhuri hadi Alasiri kwetu huku ni saa tatu na zaidi. Inuka kila nusu saa, hata kwa kwenda kunywa maji. Simu ikilia, izungumze ukiwa umesimama.

Maumivu mengi ya kiuno hupungua ndani ya wiki chache kwa kuendelea kutembea na kurekebisha ukaaji, na kulala kitandani siku nyingi huyachelewesha kupona. Lakini ukiona miguu inalegea, ganzi imeingia sehemu za siri na makalio, au mkojo au choo vinakutoka au vimezuia ghafla, hilo si suala la kiti tena. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.