Goma: Majani ya sungura yanaweza kupandwa uani

Kwa wafugaji wa sungura mjini Goma, kupata majani kila siku ni kazi nzito. Sehemu kubwa ya mji imesimama juu ya mawe ya volkano Nyiragongo, iliyolipuka mwaka 2002 na tena 2021. Udongo ni haba. Kuyafuata nje ya mji ni hatari kwa sababu ya ukosefu wa usalama.

Njia moja ni kupanda desmodiamu, mmea unaotambaa wa jamii ya maharagwe, ambao pia hurutubisha udongo. Mvua za Septemba zikianza, vipande vya shina lake hupandwa uani au ndani ya gunia lenye udongo na mbolea ya sungura wenyewe. Magugu hung'olewa mapema.

Baada ya miezi mitatu au minne, majani hukatwa juu kidogo ya udongo, bila kugusa mizizi. Yakiwa na umande huanikwa kwanza, kisha huchanganywa na majani mengine, maana yakiliwa mabichi kwa wingi huweza kumvimbisha sungura tumbo na kumuua. Kwa familia inayolipia watoto masomo kwa kuuza sungura, hiyo ni hasara kubwa.