Mbao Ngumu: Tunalinganisha Nini na Nini?

Mwanafunzi akitakiwa kulinganisha mauzo ya mbao ngumu ya Kenya na Tanzania katika nchi za ng'ambo, aghalabu hulikimbilia jedwali. Hutazama nani kauza zaidi, kisha huhukumu kwamba aliyeuza kidogo ndiye aliyehifadhi misitu yake. Hukumu hiyo haina mashiko mpaka maneno yenyewe yachunguzwe.

Tuanze na jina. Seremala wa Mosocho atajapo mbao ngumu, humaanisha mvule au mpingo, miti inayovunja meno ya msumeno. Karani wa forodha ana maana nyingine: kwake, takriban kila mti usio wa jamii ya msonobari huingia katika fungu hilo. Kwa kanuni hiyo hata balsa ya Amerika ya Kusini, ambayo kucha huweza kuikwaruza, ni mbao ngumu. Mkaratusi uliopandwa kando ya migomba hapa Mosocho, ukakatwa kuwa nguzo baada ya miaka michache, huwa ndugu wa mpingo unaohitaji miaka 70 au zaidi kukomaa.

La pili ni chimbuko. Tanzania huuza mitiki ya mashamba ya serikali ya Longuza na Mtibwa, na ya Kilombero, ambako kampuni ya binafsi ilianza kazi mwaka 1992. Jedwali likionyesha kwamba mauzo yamepanda, halisemi kama shoka limeingia katika msitu wa asili wa Kilwa au katika shamba lililopandwa kwa mkono wa mtu.

La tatu ni kumbukumbu. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 kuvuka mto Rufiji, magogo ya kusini yalipata njia rahisi ya kufika bandarini. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilifichua kwamba vitabu vya China viliandika mbao kutoka Tanzania mara kumi ya zile zilizoandikwa na Tanzania yenyewe. Mwanafunzi wetu ataamini kitabu kipi?

Na Kenya je? Mwezi Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na Rais William Ruto akatangaza kuondoa zuio hilo Julai 2023. Lakini uhaba wa mauzo si ushahidi wa uhifadhi. Mvule wa milango ya fahari mijini mwetu, sehemu yake kubwa hutoka Congo kupitia Uganda. Asiyeuza huenda ndiye mnunuzi: amefunga msitu wake, akaazima shoka la jirani. Ndiyo maana Septemba 2015, mjini Durban, Kenya, Uganda, Tanzania, Msumbiji na Madagaska zilitia saini Azimio la Zanzibar dhidi ya biashara haramu ya mbao. Zilikiri kwamba gogo halijui mpaka.

Walimu wenzangu, kabla ya kuwapa wanafunzi jedwali, wapeni maswali manne. Ni mti gani? Umepandwa au ni wa asili? Nani ameuandika, muuzaji au mnunuzi? Na nchi yenyewe imeagiza kiasi gani kutoka nje? Akiyajibu hayo, mwanafunzi wa Mosocho atakuwa amejifunza kuzihoji tarakimu badala ya kuzisujudia.